Waya wa dhahabu na chenga za Sirari

Wadau, mnisamehe kwa ukimya. Nilikuwa Sirari wiki mbili, nyumbani kwa baba mdogo. Kwa wale ambao Sirari wameisoma tu kwenye vioo vya mabasi, ni mji wa mpakani, wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara. Barabara inayotoka Mwanza kupitia Musoma na Tarime inaishia pale, na ukivuka geti uko Isebania, Kenya. Watu wa pande zote mbili ni ndugu, Wakurya kwa Wakurya, na unaweza kunywa chai huku ukalipa kwa shilingi ya kule bila mtu kushtuka.

Leo nataka kuzungumzia waya. Ndiyo, waya. Najua kuna atakayesema huyu kakosa habari za kuandika. Subirini kidogo.

Baba mdogo ana banda la kuonyesha mpira, vibanda umiza kama mnavyoviita huku Dar. Amejibana mwaka mzima, kanunua TV mbili kubwa za flati skrini na ving'amuzi viwili, kimoja cha ligi yetu na kingine cha ligi za Ulaya, ili Jumamosi asilazimike kuchagua nani akasirike. Alikuwa amebakiwa na laki mbili na nusu, basi. Mwenye duka mmoja akamwambia kwamba TV nzuri namna ile ukiifunga kwa waya wa kawaida umeiua. Akamtolea waya wa HDMI uliofumwa kwa nje kama kamba ya viatu, vichwa vyake vina rangi ya dhahabu, umelala kwenye boksi lake kama saa ya harusi. Mita mbili, laki moja na ishirini. Nyaya mbili, laki mbili na arobaini. Ule wa kawaida, unaotolewa kwenye mfuko wa nailoni, elfu kumi.

"Mura," akaniuliza, "wewe ndiye uliyesoma, tena mwandishi wa habari. Ninunue au nisinunue?"

Nikataka kucheka na kumjibu palepale. Akanizuia kwa mkono. "Usinijibu haraka. Mimi nimefunga antena hapa tangu hujajua kutembea. Waya mbaya naujua."

Hapo nikanyamaza. Niliona kwamba swali lake si la dukani tu. Ni swali lenye historia, na nisipoijua hiyo historia nitamjibu kama mtoto wa mjini.

Tuanze basi mwanzo. Kenya ilianza kurusha televisheni mwaka 1962, kabla hata ya uhuru wake. Zanzibar ilianzisha ya kwake mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa bado inatazama nyeusi na nyeupe. Tanzania Bara? Hakuna. Serikali ya Mwalimu iliona televisheni ni anasa kwa nchi yenye shida ya shule na zahanati, na redio ilikuwa inatosha kufika kijijini. Hata mipaka yenyewe haikuwa rahisi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Babu alikuwa akisema miaka ile hata kumzika shangazi upande wa pili ilikuwa ni kupita porini usiku.

Sasa fikirieni Sirari ilivyokaa. Mguu mmoja uko kwenye nchi isiyo na televisheni, mwingine unagusa nchi iliyokuwa nayo tangu 1962. Geti mnaweza kulifunga, lakini mawimbi hayaonyeshi kitambulisho kwa mtu. Mwaka 1984 Serikali ilianza kuruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, yule mliyezoea kumwita Mzee Ruksa. Vitu vikaanza kuonekana, na TV mojamoja ikawa inaingia pamoja na sabuni na mafuta ya kula.

Baba mdogo anakumbuka siku yake ya kwanza vizuri sana, kwa sababu dunia nzima inaikumbuka. Ilikuwa tarehe 8 Juni 1990, mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia kule Italia, Cameroon na Argentina ya Maradona. Alikuwa kijana mdogo, akavuka na wenzake kwa miguu kwenda Isebania, wakabanana dirishani kwa mfanyabiashara mmoja. Omam-Biyik alipofunga lile bao la kichwa, anasema, yeye hakuliona. Aliona chenga. Kelele za ndani ndizo zilizomwambia kwamba Afrika imefunga.

Wadau wa umri wangu, chenga mnazikumbuka? Zile punje nyeupe na nyeusi zinazochemka kwenye kioo, na sauti yake ya mvua kwenye bati. Picha ya zamani ilikuwa inasafiri kama wimbi, na kila nukta ya mwanga kwenye kioo ilikuwa ni ukubwa fulani wa wimbi hilo. Wimbi likifika limedhoofika, picha nayo inafika imedhoofika. Likigonga kilima likaja mara mbili, unaona wachezaji na vivuli vyao, timu ya watu ishirini na wawili inakuwa ya arobaini na nne. Pikipiki ikipita nje, moto wa plagi yake unachora mistari kwenye uso wa mtangazaji. Kila kitu njiani kilikuwa na haki ya kugusa picha.

Kwa hiyo mtu aliyejua waya alikuwa mtu mkubwa. Baba mdogo alijifunza kazi hiyo kwa mikono. Alijua kwamba waya bapa, ule wa nyuzi mbili zilizoachana, ni rahisi lakini unadaka kila uchafu wa hewani. Alijua waya wa duara, wenye uzi wa shaba katikati na wavu wa nyuzi umeuzunguka, unaikinga picha, na kwamba wavu ukiwa mwembamba umeibiwa. Alijua kila kiungo unachofunga kwa selotepu ni tundu. Alipanda miti ya futi thelathini, mwenzake yuko chini akipiga kelele: "Rudisha! Hapo hapo! Umepitiliza!" Waya mzuri ukibadilishwa, chenga zilipungua mbele ya macho ya watu. Hayakuwa maneno ya dukani hayo, watu walishuhudia.

Bara ikapata televisheni mwaka 1994, vituo binafsi vikianza, ITV ya marehemu Reginald Mengi ikiwa miongoni mwao. Mpakani tuliendelea kutazama Kenya kwa muda, kisha zikaja deki za video na mabanda ya sinema, enzi za kina Lufufu kutusimulia filamu za Kichina kwa Kiswahili. Huko nako sheria ilikuwa ileile. Kanda ikinakiliwa inachoka, na kopi ya kopi ya kopi ilikuwa na Bruce Lee asiye na pua. Nyaya tatu za rangi, njano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti, zikilegea kidogo tu picha inapauka.

Nimeeleza yote haya kwa sababu moja. Baba mdogo si mshamba aliyedanganywa na rangi ya dhahabu. Imani yake kwamba waya bora huleta picha bora ilikuwa ya kweli, aliilipia kwa jasho, na kizazi chake chote kiliithibitisha. Lililotokea ni kwamba dunia ilibadilika ndani ya waya, mahali ambapo jicho halifiki.

Mabadiliko yenyewe ni haya. Mwaka 1999 kompyuta zilipata njia ya kupeleka picha kwenye kioo kwa tarakimu, iliyoitwa DVI. Desemba 2002 kampuni saba, Hitachi, Matsushita ambayo ndiyo Panasonic, Philips, Silicon Image, Sony, Thomson na Toshiba, zikatoa HDMI, ambayo ilichukua wazo hilohilo ikaongeza sauti ndani ya waya mmoja. Huku kwetu tuliizoea baadaye, TV bapa zilipokuwa za kawaida na hasa baada ya ving'amuzi kuingia. Dar ilizimiwa mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata, na Kenya ikazima mwaka 2015. Mlingoti wa baba mdogo ukageuka kuwa wa kuanikia nguo.

Ndani ya waya wa HDMI picha haisafiri kama wimbi linalofanana na picha. Inasafiri kama orodha ndefu ya sifuri na moja. TV haiulizi wimbi lina nguvu kiasi gani, inauliza tu, hii ni sifuri au ni moja? Mfano mzuri ni barua. Zamani tulikuwa tunatuma picha ya mchoro, karatasi ikilowa mchoro unapauka. Sasa tunatuma maelezo ya maandishi: "nukta ya kwanza nyekundu, ya pili kijani". Karatasi ikilowa kidogo, mradi herufi zinasomeka, mchoro unaochorwa upande wa pili ni uleule. Bahasha ya hariri haiongezi rangi kwenye mchoro.

Ndiyo maana waya wa HDMI ukishindwa haushindwi kwa upole. Huoni picha iliyopauka kidogo au rangi za uso zilizokosa uhai. Unaona vinukta vyeupe vinamulika kama vimulimuli, picha inakatika sekunde mbili na kurudi, au kioo kinakuwa cheusi kabisa. Kama hayo hayapo, nyaya mbili, wa elfu kumi na wa laki, zinapeleka orodha ileile. Muuzaji akikwambia weusi ni mweusi zaidi na majani ya uwanja ni ya kijani zaidi, anakuuzia maneno ya zama za chenga.

Na hayo maneno yana historia yake pia. Kule Marekani mhandisi Noel Lee alianzisha kampuni ya Monster Cable mwishoni mwa miaka ya 1970, akiuza nyaya nene za spika. Kwa spika kulikuwa na hoja ndani yake, waya mwembamba mno na mrefu mno unapoteza nguvu ya sauti. Lakini biashara iligundua jambo tamu zaidi: faida ya TV ni ndogo kwa sababu kila mtu anajua bei yake, faida ya waya ni kubwa kwa sababu hakuna anayejua bei yake. HDMI ilipokuja, mazoea yaleyale yakahamia kwenye waya ambao hauna mapau ya kuleta wala ya kuondoa. Mwaka 2007 James Randi, yule mfichuaji wa waganga na wapiga ramli, aliahidi dola milioni moja kwa atakayeweza kutofautisha kwa masikio tu, bila kuona, nyaya za spika za dola 7,250 na nyaya za kawaida nzuri. Kulikuwa na majadiliano mengi, jaribio halikufanyika, na dola zilibaki mahali pake.

Nikirudi kwetu, niseme ukweli wangu. Mshahara wangu wa kwanza gazetini nilinunua TV ndogo na waya wa elfu tisini. Nilikaa nao mwaka mzima nikiwaambia wageni "mnaona picha hiyo?" Wakasema wanaona. Na mimi niliona! Ulipopotea wakati wa kuhama nyumba, nikanunua wa elfu nane, nikakaa tayari kwa huzuni. Haikuja. Kwa hiyo simcheki mtu.

Basi tukaenda dukani, mimi na baba mdogo. Duka silitaji, na wala sitaji ni upande gani wa geti. Kweli, muuzaji alikuwa na TV mbili zimewashwa sambamba, moja kwa waya wa dhahabu, moja kwa waya wa kawaida, na ya waya wa dhahabu ilikuwa inawaka kama sikukuu. Baba mdogo akanitazama kwa jicho la kusema, unaona?

Nikamwamkia muuzaji vizuri, nikamwomba kitu kimoja. Tubadilishane nyaya, ule wa huku uende kule. Akasita, wateja wengine wakawa wamesogea, akakubali. TV zote zikawa nyeusi kidogo, kisha zikarudi. Ile iliyokuwa inawaka ikaendelea kuwaka, sasa kwa waya wa elfu kumi. Iliyopoa ikabaki imepoa, na dhahabu yake shingoni. Baba mdogo akachukua rimoti mwenyewe, akaingia kwenye mpangilio wa picha. Moja ilikuwa imewekwa mwanga wa juu kabisa, nyingine imewekwa hali ya kupunguza umeme. Akazifananisha. Zikawa mapacha.

Hakuna aliyegomba. Muuzaji akasema hata yeye aliletewa hivyo na kuambiwa hivyo, na mimi namwamini. Tukalipa elfu ishirini, nyaya mbili.

Ningeishia hapa ningekuwa shujaa. Lakini historia haipendi mashujaa wa haraka.

Bandani baba mdogo hakutaka ving'amuzi vikae karibu na TV, vijana wanavichezea. Alitaka vikae mezani kwake mlangoni, anakokusanya kiingilio. Kutoka mezani mpaka kwenye TV ni kama mita kumi na tano. Jirani akatuazima waya mrefu wa HDMI, mwembamba, wa bei poa. Tukafunga. Picha ikaja... na vimulimuli. Kisha giza. Kisha picha. Kisha giza. Baba mdogo akakaa kwenye kiti cha plastiki akacheka mpaka akashika mbavu. "Mura! Si ulisema waya hauna maana?"

Sikusema hauna maana, ingawa nadhani ndivyo nilivyosikika. Umbali unabaki kuwa umbali. Orodha ya king'amuzi chetu ni kama gigabiti mbili na kidogo kila sekunde kwa picha ya 1080i, na ya TV za 4K inafika gigabiti 18. Kwenye mita mbili waya wowote uliotengenezwa kwa uaminifu unaweza hiyo ya king'amuzi. Kwenye mita kumi na tano uzi mwembamba unazifuta herufi zenyewe, na TV inaanza kubahatisha. Hapo waya mzuri zaidi una kazi halali, na kwa 4K ya mbali watu hutumia hata nyaya za nyuzi za kioo. Kwa wanaotaka uhakika, wenye HDMI waliweka vyeti: neno Premium High Speed kwa gigabiti 18, na Ultra High Speed kwa gigabiti 48, pamoja na lebo ya kuskani kwa simu. Lebo hiyo inapima uwezo. Rangi ya dhahabu inazuia kutu kwenye kichwa cha waya, haiongezi picha hata nukta moja.

Nilianza kupiga hesabu ya waya bora wa mita kumi na tano, ambao ungerudisha hela yote dukani. Baba mdogo hakunisubiri. Alikuwa ameshasimama anatazama ukutani, kisha juu kwenye ungo, kwa jicho nililokuwa nikisimuliwa tangu utotoni. Akasema, kwa nini turefushe waya unaochoka wakati kuna waya usiochoka? Waya wa ungo, ule wa duara wenye uzi wa shaba na wavu, unakwenda mita hizo kumi na tano bila taabu. Uletwe huo mpaka karibu na TV, ving'amuzi vikae hukohuko juu kwenye kisanduku cha wavu chenye kufuli, na HDMI ibaki mita mbili.

Na kwenye waya wa ungo alikuwa mkali. Alikataa wa kwanza, akaukata kwa kisu na kunionyesha wavu wake wenye nyuzi chache kama ndevu zangu. Akachukua ulioshiba, akafunga vichwa vyake mwenyewe, hakuna selotepu. Hapo hakuwa na imani ya kizamani. Kinachotoka kwenye ungo ni wimbi dhaifu lililotoka angani, na kila unachokihifadhi njiani ni akiba ya siku ya mvua, maana mvua ya Tarime si ya mchezo. Elimu yake ya chenga haikuwa imekufa. Ilikuwa tu imehamia upande wa nyuma wa king'amuzi.

Hela iliyobaki ilinunua stebilaiza, kwa sababu umeme wa kupanda na kushuka umeshaua TV nyingi Sirari kuliko waya wowote wa elfu kumi. Baada ya waya wa ungo na stebilaiza alibaki na elfu thelathini na kitu, akanunua soda za watu waliosaidia kupandisha kisanduku.

Kwa hiyo jibu langu, kwa wale mliorukaruka mpaka hapa mwisho. Kwa sebule yako, king'amuzi au deki chini ya TV, waya wa gharama kubwa ni hasara. Nunua wa kawaida ulio imara, jaribu papo hapo, ukiona picha haikatiki na haina vimulimuli umemaliza. Kwa umbali mrefu au 4K, lipia uwezo uliothibitishwa. Na muuzaji akiwasha TV mbili mbele yako, omba kubadilisha nyaya kabla ya kufungua pochi.

Jumamosi ile banda lilijaa. Mwanzoni mwa mechi nilikuwa nimesimama nyuma, baba mdogo mezani kwake mlangoni. Kijana mmoja akaingia, akatazama TV, akamwambia, "Mzee, picha yako kali, umefunga waya gani?"

Baba mdogo akapokea hela yake, akamwonyesha pa kukaa. "Wa elfu kumi," akasema. Yule kijana akacheka, akadhani anataniwa.

Nawasilisha.